Miwani ya Babu na Mtawa wa Pisa

Katika nyumba nyingi, saa ya sala za jioni, babu huunyosha mkono ili kitabu kikae mbali na macho yake. Mwishowe humpa mjukuu asome. Huo si uvivu wala si laana. Ndani ya jicho mna kioo cha asili, chepesi kujigeuza ili kuona vilivyo karibu. Mtu apitapo umri wa miaka 40 hivi, kioo hicho hukakamaa, na herufi ndogo humpotea. Msaada wake ni miwani yenye vioo vilivyotuna katikati, ambavyo hukusanya mwanga na kulifanyia jicho ile kazi lililoshindwa. Chombo hiki tumekizoea hata hatuulizi kilitoka wapi. Na kumbe habari yake ina fundisho kwa kila nyumba.

Mwaka 1306, Padre Giordano wa Pisa, wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, alihubiri mjini Florence, katika nchi ya Italia. Aliwaambia waamini ya kwamba ufundi wa miwani haujatimiza miaka 20 tangu kuvumbuliwa, na ya kuwa yeye mwenyewe amemwona na kuzungumza na mtu aliyeitengeneza kwanza. Jina la mtu huyo hakulitaja.

Kumbukumbu za nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katarina, mjini Pisa, zatueleza zaidi. Zasema ya kuwa mtu mmoja alitangulia kutengeneza miwani, lakini hakutaka kumfundisha mwenzake. Ndipo mtawa Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313, akaitengeneza mwenyewe, akawashirikisha watu wote ufundi huo kwa moyo wa furaha. Angalieni basi: aliyegawa, jina lake tunalo hata leo, aliyeficha, jina lake limepotea.

Ufundi uliogawiwa haukukawia kuenea. Mwaka 1352, mchoraji Tommaso da Modena alipamba ukuta wa ukumbi wa Wadominiko mjini Treviso kwa picha za watawa 40 wa shirika hilo. Mmoja wao, Kardinali Hugo wa Saint-Cher, yuaandika huku miwani i puani. Kardinali huyo alifariki mwaka 1263, kabla miwani haijakuwako! Mchoraji alikosea miaka, lakini alituachia picha ya kale kuliko zote zijulikanazo za mtu aliyevaa miwani. Nayo haina mikono ya kushika masikio; mikono hiyo ilikuja katika karne ya 18.

Je, tumlaumu yule aliyeficha? Tusimhukumu upesi. Yamkini aliogopa kwamba wengine wangejifunza kazi yake na kumwondolea riziki, na hofu hiyo mafundi wetu waijua vema. Kwa sababu ya hofu ya namna hii, serikali ya Venice ilitunga sheria tarehe 19 Machi 1474. Aliyebuni chombo kipya, ambacho hakijapata kutengenezwa katika nchi hiyo, alikiandikisha kwa wakuu. Kisha kwa miaka 10 mtu mwingine hakuruhusiwa kukiiga bila idhini yake. Aliyevunja amri alitozwa dukati 100, na chombo alichoiga kikaharibiwa. Miaka hiyo ilipokwisha, kila mtu alikuwa huru kukitengeneza. Siku hizi haki hiyo huitwa hataza, na katika nchi nyingi hudumu miaka 20. Mvumbuzi hulindwa, lakini naye yampasa aeleze waziwazi jinsi chombo chake kifanywavyo. Hivyo sheria yamtendea haki fundi, wala haiwanyimi jirani zake.

Lakini elimu iliyo nyingi majumbani mwetu haimo katika hati yoyote. Yumo mama ajuaye kufinyanga chungu kisichopasuka motoni. Yumo seremala ajuaye kuunga mbao bila msumari. Yumo mzee ajuaye mipaka ya mashamba na mapatano ya ukoo. Mara ngapi tumerudi kutoka mazishini tukisema, “Laiti tungalimwuliza!” Bwana wetu alitusimulia habari ya mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini. Mtumishi yule hakuiiba wala hakuipoteza. Kosa lake ni kwamba aliificha isimfae mtu.

Basi, ninyi wazazi, mwiteni kijana mmoja, mkae naye, mmfundishe kazi moja mwijuayo, hata aiweze pasipo ninyi. Nanyi vijana, msingoje kuitwa. Ulizeni wangali hai. Na kama babu ameacha kusoma kwa sababu ya macho, mpelekeni akapimwe, apate miwani, akasome tena sala kwa sauti yake mwenyewe mbele ya wajukuu.