Tochi ya Mlinzi wa Usiku: Jinsi ya Kuchagua Ifaayo

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, usiku huchukua muda wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Mlinzi aanzaye zamu saa 12 jioni hukesha gizani hadi saa 12 asubuhi, na katika muda huo chombo chake kikuu ni tochi. Tochi ikizimika saa 9 usiku, ghala au shule anayoilinda hubaki bila macho, naye mwenyewe huwa hatarini. Kwa hiyo uchaguzi wa tochi ya kuchaji haufai kuachiwa maandishi ya kwenye boksi. Ni jambo la hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

1. Mwanga na umbali

Mwanga wa tochi hupimwa kwa vipimo viwili. Lumeni ni wingi wa mwanga wote utokao katika tochi. Kandela ni ukali wa mwanga uelekezwao upande mmoja. Tochi mbili zenye lumeni sawa zaweza kutofautiana sana: moja hutawanya mwanga na kuangaza ua mzima ulio karibu, nyingine huukusanya ukafika mbali.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwanga hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Mwanga uangukiao ukuta ulio mita 20 ni robo tu ya ule wa mita 10. Hivyo, ili kuona mbali mara mbili, ukali hauna budi kuongezwa mara nne.

Kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL 1, iliyotolewa mwaka 2009, huhesabu umbali wa tochi hadi pale mwanga unapobaki robo ya luksi, yaani karibu sawa na wa mbalamwezi pevu. Kwa kanuni hiyo tochi ya kandela 10,000 huandikiwa mita 200. Lakini mwanga wa mbalamwezi huonyesha kwamba pana kitu; hautoshi kumtambua mtu. Katika kazi ya ulinzi ni busara kutegemea nusu ya umbali ulioandikwa, au chini yake.

Mwanga mwingi nao una hasara. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mmweko mmoja wa ukuta mweupe huyaharibu mazoea hayo. Tochi ifaayo, basi, ina ngazi kadhaa za mwanga, na ile ya chini hupatikana bila kupitia ile kali.

2. Betri

Tochi nyingi za bei nafuu zina betri ya risasi na asidi. Betri hii ni nzito, na ikiachwa bila chaji kwa majuma kadhaa huharibika. Betri za nikeli hustahimili zaidi, lakini kila moja hutoa volti 1.2 tu. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, na ndizo zifaazo zaidi kwa kazi hii.

Aina ijulikanayo sana ni ile iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri halisi ya namna hii haizidi sana miliampea-saa 3,500. Iliyoandikwa 9,900 imeandikwa uongo. Mizani nayo husaidia: betri nzima huwa na uzito wa gramu 45 hivi au zaidi, iliyo nyepesi mno haina ndani kile inachodai.

3. Hesabu ya usiku mmoja

Tuseme mlinzi huzunguka dakika 10 kila saa, akitumia lumeni 300. Kwa saa 12 hizo ni dakika 120, yaani saa 2, sawa na lumeni-saa 600. Saa 10 zilizobaki aketipo langoni hutumia lumeni 20, sawa na lumeni-saa 200. Jumla ni 800. Diodi nzuri itoayo mwanga, ambayo mafundi huiita LED, hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati. Kwa hiyo zahitajika wati-saa 8. Ikiongezwa theluthi moja kwa ajili ya upotevu na uchakavu, hupatikana wati-saa 10.7. Betri moja ya volti 3.6 na miliampea-saa 3,000 hubeba wati-saa 10.8, nayo yatosha.

Mlinzi huyohuyo akiwasha lumeni 1,000 mfululizo, betri hiyo haitafikisha hata saa moja na robo. Aidha, chini ya kanuni iliyotajwa, saa zinazoandikwa kwenye boksi huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo. Sehemu kubwa ya saa hizo yaweza kuwa ya mwanga hafifu.

4. Uimara na utunzaji

Betri ya lithiamu hupoteza sehemu ya tano hivi ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500. Kwa mtu achajiye kila siku, huo ni muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Tochi ambayo betri yake haitoleki hugeuka takataka mapema. Iliyo na betri ya kubadilishwa huendelea kutumika.

Alama ya IPX4 maana yake ni kustahimili maji yarushwayo kutoka kila upande, na hiyo hutosha kwa mvua. IPX7 hustahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Wanaochaji kwa nguvu za jua waweke paneli juani na tochi kivulini, kwani betri ya lithiamu haifai kuchajiwa katika joto lipitalo nyuzi 45 za Selsiasi.

Mwisho, kabla ya tochi mpya kupelekwa lindoni, ichajiwe hadi ijae, iwashwe katika ngazi itakayotumika, na muda uandikwe kwa saa ya mkononi. Jaribio hilo halina gharama, na ni heri upungufu ugunduliwe nyumbani kuliko langoni saa 9 usiku.