Swali Lisafiri, Mgonjwa Abaki: Ushauri wa Kitaaluma katika Mitandao ya Kijamii

Utangulizi

Kushauriana ni desturi ya kale katika taaluma ya tiba. Zamani, tabibu aliyetatizwa alimwandikia mwenzake barua au alisubiri ziara ya daktari bingwa. Leo wahudumu wa afya hushauriana kupitia WhatsApp, Telegram, Facebook na LinkedIn, na pengine jibu hufika kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Makala haya yanaeleza faida ya mawasiliano hayo, hatari zake, na mpaka usiopaswa kuvukwa.

Kwa nini mtandao husaidia

Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya uhusiano usio wa karibu. Alionesha kuwa taarifa mpya aghalabu huletwa na watu tunaofahamiana nao kidogo, kwa kuwa walio karibu nasi hujua yale yale tunayoyajua. Ndivyo ilivyo pia katika vituo vya afya. Watumishi wa zahanati moja huona wagonjwa wa aina moja; anayeweza kuutambua ugonjwa adimu huenda ni mtu aliyesoma na mmoja wao miaka mingi iliyopita, ambaye sasa anafanya kazi mkoa mwingine.

Tuchukue mfano wa tabibu anayemwona mwalimu mwenye baka lililopauka mgongoni. Dawa za fangasi hazikusaidia, na baka halihisi mguso wa pamba. Dalili hizo zinaashiria ukoma, ugonjwa ambao tabibu kijana huenda hajawahi kuuona. Swali moja kwenye kundi la wanataaluma linaweza kumwezesha mgonjwa kuanza tiba kabla neva hazijaharibika na kuleta ulemavu.

Hatari iliyojificha

Tuseme tabibu huyo anaandika: "Huyu ni mwalimu wa shule ya hapa kijijini, miaka 34, nahisi ana ukoma," kisha anaambatanisha picha inayoonesha uso. Jina halikutajwa, lakini katika kijiji chenye shule moja, maelezo hayo yanatosha kumtambulisha. Ukoma hutibika kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake. Picha iliyokwisha kuenea hairudishwi, na mwalimu anaweza kukimbiwa na wanafunzi hata baada ya kupona.

Wengi hujifariji kuwa ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa njia ya usimbaji. Ni kweli kwamba hausomeki ukiwa njiani. Ukishafika, hata hivyo, husomwa na kila aliye na simu ile mkononi. Picha yaweza kuhifadhiwa yenyewe pamoja na picha za familia, ikanakiliwa kwenye hifadhi ya intaneti, au ikapelekwa kundi jingine.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Azimio la Geneva, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948 na kurekebishwa mara kadhaa, linamtaka daktari kutunza siri za mgonjwa hata baada ya kifo chake.

Namna ya kuuliza

Swali lile lile lingeweza kuandikwa hivi: "Mtu mzima, baka moja lililopauka mgongoni kwa miezi 8, halihisi mguso, halikupona kwa dawa za fangasi. Uchunguzi gani ufuate?" Mjibu amepata kila anachohitaji.

Kabla ya kutuma, mhudumu azingatie yafuatayo:

1. Aombe ridhaa kwa lugha inayoeleweka, na amhakikishie mgonjwa kwamba akikataa atahudumiwa vilevile.
2. Apige picha ya sehemu iliyoathirika pekee. Akague pembe za picha ya eksirei, ambako jina na namba ya jalada huandikwa.
3. Aondoe jina, kazi, kijiji na tarehe ya mahudhurio.
4. Afute picha kwenye simu ushauri ukishapatikana, na kumbukumbu iwekwe kwenye jalada la mgonjwa.
5. Asitegemee kundi wakati wa dharura. Mjamzito mwenye degedege huanzishiwa matibabu na kupewa rufaa kwa simu ya moja kwa moja. Hasubiri majibu ya kundi.

Aidha, ushauri wa mtandaoni haumwondolei wajibu aliye mbele ya mgonjwa. Yeye ndiye aliyemgusa na kumsikiliza, na uamuzi ni wake.

Kwa mgonjwa

Mgonjwa ana haki ya kuuliza picha yake inakwenda wapi, nani ataiona na itafutwa lini. Asibandike majibu ya vipimo vyake kwenye kurasa za wazi ili kupata ushauri. Anayejitambulisha mtandaoni kuwa daktari na kuuza dawa athibitishwe kwanza kupitia Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa upande wa Tanzania Bara.

Hitimisho

Mitandao imeufikisha ujuzi wa bingwa hadi zahanati ya mbali, na hiyo ni neema isiyopaswa kupotezwa. Itadumu iwapo mgonjwa ataendelea kuamini kwamba alichokionesha chumbani mwa daktari hakitamtangulia sokoni.