Kipupwe cha Dar na Mbegu Inayokifaa

Mkulima wa Dar es Salaam anayengoja jua kali ndipo apande nyanya anajipunja. Februari, joto la usiku jijini hukaribia nyuzi 25, na usiku ukizidi nyuzi 21 au 22 chavua hudhoofika. Kikonyo cha ua hugeuka njano kwenye kifundo. Ukiligusa ua kwa kidole, linadondoka. Shamba linabaki la majani.

Kipupwe kinabadili hesabu. Julai na Agosti, kusi ikivuma, usiku hushuka hadi nyuzi 19 hivi na mchana mara nyingi hauvuki 30. Ubaridi huo ndio nyanya inaoutaka. Atakayesia kitalu mapema Mei, akakikinga na mvua za masika, atahamisha miche Juni, maua yatakuta usiku wa baridi, na mavuno yataanza katikati ya Agosti.

Kwenye miinuko ya Lushoto na Njombe mambo ni mengine. Chini ya nyuzi 13 chavua hupungua nguvu, chini ya 10 mmea karibu unasimama kukua, na ukungu wa asubuhi unaleta bakajani chelewa. Tunda la huko huchukua muda mrefu zaidi kuiva.

Kwa hiyo mbegu ichaguliwe kwa mahali. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na utafiti wa Tengeru, Arusha, bado zinaaminika. Ganda gumu la Tanya huvumilia safari ya tenga mpaka Kariakoo. Rio Grande, mmea mfupi, hustahimili mchana wa joto unaofuatwa na usiku wa baridi. Money Maker ya Uingereza ni ndefu, inataka kusimikiwa miti na kupunguzwa machipukizi, na ganda lake ni jepesi: si ya kusafirisha, ila kwa mboga ya nyumbani ni tamu kweli. Popote anaponunua, mkulima adai pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Wakazi wa ghorofani Kariakoo na Upanga wasijione wameachwa. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha mche mmoja. Miezi ya kipupwe jua hupita upande wa kaskazini, hivyo roshani inayotazama huko ndiyo yenye mwanga. Ya kusini hupata upepo na kivuli tu. Zege nalo hutunza joto usiku, basi ndoo isogezwe mbali na ukuta, na maji yamwagwe shinani asubuhi, majani yabaki makavu.

Nyanya iliyochumwa ikiwa na wekundu kidogo isiwekwe kwenye friji. Baridi ya humo huizuia kuiva vizuri na kuiondolea ladha. Iachwe mezani, kivulini, siku chache.