Kalenda na Sarufi: Upimaji wa Usemi wa Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Wakati katika Mtaa wa Buruburu

Makala haya yanajadili ukuaji wa mawasiliano ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa kurejelea mazingira ya lugha ya mtaa wa Buruburu, katika eneo la Eastlands jijini Nairobi. Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, ukikusudiwa wakazi wa kipato cha kati kutoka jamii mbalimbali za Kenya. Katika nyumba moja ya Buruburu, nyanya aweza kuwa anasema Kiluo au Kikamba, yaya Kiswahili, ndugu wakubwa Sheng, na televisheni Kiingereza. Mtoto anayejifunza kusema humo hupimwa mara nyingi kwa vipimo viwili visivyomfaa, yaani kalenda isiyo yake na sarufi isiyo yake. Makosa hayo yana gharama. Mzazi mmoja hujazwa hofu bure, na mwingine huambiwa angoje ilhali mwanawe anahitaji msaada.

Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto kuwa amezaliwa kabla ya wakati iwapo amezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Tanzania wamezoea kumwita mtoto njiti. Jina hilo ni fupi na linaeleweka, ingawa linamtaja mtoto kwa wembamba wake na kuusahau wakati alioupoteza, na wakati ndio unaohusika hapa. Aliyezaliwa katika wiki ya 28 ametangulia kwa wiki 12, takriban miezi mitatu. Afikishapo miezi 18 tangu kuzaliwa, umri wake uliorekebishwa ni miezi 15. Kumlinganisha na mtoto wa jirani aliyezaliwa siku hiyo hiyo kwa mimba kamili ni kumdai miezi mitatu ambayo hakupewa. Kwa kawaida wataalamu huendelea kurekebisha umri huo hadi mtoto afikie miaka miwili.

Hata hivyo, kalenda haimalizi jambo. Sikio la mtoto huanza kufanya kazi yapata wiki ya 24 au 25 ya mimba, na katika miezi ya mwisho mtoto huzoea mkazo na kiimbo cha sauti ya mama. Anayezaliwa mapema huondolewa katika sauti hiyo na kupelekwa kwenye chumba cha mashine zinazolia, ambako watu wazima huzungumza baina yao zaidi ya wanavyozungumza naye. Melinda Caskey na wenzake, nchini Marekani, walirekodi usemi uliowafikia watoto kama hao wakiwa bado wodini. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014, watoto waliosikia maneno mengi zaidi ya watu wazima walipata alama bora za lugha walipopimwa baadaye, hata katika umri uliorekebishwa wa miezi 18. Malezi ya kangaruu yaliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ambapo mtoto hufungwa kifuani mwa mzazi ngozi kwa ngozi, husifiwa kwa kumpa joto. Kwa mwanaisimu, faida nyingine ni kwamba yanamrudisha mtoto karibu na sauti.

Kabla ya neno la kwanza kuna mazungumzo yasiyo na maneno. Mtoto hutazama gari linalopita, humgeukia yaya, kisha hulitazama gari tena. Amemwalika mwenzake waone kitu kimoja. Hunyoosha kidole, hupunga mkono kuaga, hupiga makofi akichezeshwa mapajani. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba waliozaliwa mapema sana, hasa kabla ya wiki 32, huchelewa au hupungukiwa katika mialiko hii, na msamiati wao wa mwanzo huwa mdogo. Wengi hufikia wenzao baadaye, lakini si wote.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kigezo kinachotumiwa sana kliniki ni kwamba mtoto wa miezi 24 awe anaunganisha maneno mawili. Kigezo hicho kilitokana na lugha kama Kiingereza, ambamo neno husimama pweke. Kiswahili ni lugha ambishi. Mtoto anayesema “sitaki” ametaja nafsi, ukanushi na kitendo; anayesema “nipe” amemtaja mpewa ndani ya kitenzi. Kwa hesabu ya maneno, kila mmoja amesema neno moja tu. Kwa upande mwingine, “nipe” yaweza kuwa imekaririwa nzima bila mtoto kutambua mofimu zake, na ndiyo maana mpimaji hana budi kusikiliza kama anasema pia “mpe”.

Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu ujifunzaji wa Kiswahili, alitumia data za watoto wa Nairobi na kuonyesha kuwa mwanzoni huacha viambishi vya nafsi na vya wakati. Kwa hiyo “taka maji” ya mtoto wa Buruburu si dalili ya kuzaliwa mapema. Hata watu wazima wa Nairobi huacha kiambishi cha nafsi wanapozungumza.

Orodha za maneno nazo zina mipaka. Katherine Alcock na wenzake walitayarisha Kilifi orodha ya Kiswahili na Kigiriama ya kuwahoji wazazi, wakaichapisha mwaka 2015. Hiyo ni kazi ya thamani, lakini Kiswahili cha Kilifi si cha Buruburu. Mtoto anayesema “maji”, “bye” na “mathe”, pamoja na neno moja la Kikamba, ana maneno manne. Shule ya chekechea inayohesabu Kiingereza pekee itampa moja.

Utetezi huu wa lugha nyingi usigeuzwe kisingizio. Lugha nyingi nyumbani hazimnyimi mtoto ishara. Asiyebwabwaja wala kunyoosha kidole akiwa na miezi 12 iliyorekebishwa, au asiye na neno katika lugha yoyote afikapo miezi 16, apelekwe kupimwa bila kungojwa. Masikio yapimwe kwanza, kwa kuwa umanjano mkali wa watoto wachanga na baadhi ya dawa wanazopewa watoto hawa, kama vile jentamisini, zaweza kudhuru usikivu.