JUMANNE: Jina la Kaisari na Jina la Wapagazi

Soma Luka 2:1, Mathayo 22:15–21 na Matendo 25:10–12. Je, Kaisari anayetajwa katika mafungu haya ni mtu mmoja?

La. Wa kwanza ni Augusto, wa pili ni Tiberio, na yule ambaye Paulo alikata rufani kwake ni Nero. Wote walirithi jina la mtu aliyekufa kabla Kristo hajazaliwa, Julius Caesar.

Mtu huyo alizaliwa mwaka 100 K.K. Alikuwa msemaji hodari, mwandishi, na jemadari aliyeiteka Galia, yaani Ufaransa ya leo. Mwaka 49 K.K. Baraza la Seneti lilimwamuru aliache jeshi lake. Badala yake akavuka nalo mto Rubicon, na Warumi wakapigana wao kwa wao. Aliposhinda alitengeneza upya kalenda ya miezi (mfuatano wa siku saba za juma hakuugusa), na mwezi aliozaliwa ukaitwa kwa jina lake: Julai. Sura yake ikapigwa kwenye sarafu angali hai, jambo ambalo halikuwa desturi ya Warumi. Mapema mwaka 44 K.K. akafanywa dikteta wa maisha. Machi 15 maseneta wakamwua kwa visu kikaoni. Walidhani wameukomesha utawala wa mtu mmoja, kumbe jina la marehemu likageuka kuwa cheo.

Cheo hicho kilifika hata Dar es Salaam. Wajerumani walipoitawala nchi, mfalme wao aliitwa Kaiser, jina lile lile kwa matamshi yao. Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916, na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kikapiga kambi hapo. Wenyeji walilitamka jina hilo Kariakoo. Wapagazi walibeba vyakula na risasi vichwani, porini, masika na kiangazi. Makumi ya maelfu walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na magonjwa, na walio wengi makaburi yao hayajulikani. Leo Kaiser hatajwi mjini, lakini konda wa daladala hulitangaza jina la wapagazi kutwa nzima, pengine bila kujua.

Karibu na soko hilo, katika mtaa uitwao sasa Lumumba, chama cha TANU kilianzishwa Julai 7, 1954. Kiongozi wake, Mwalimu Julius Nyerere, aliitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare inayosimulia kuuawa kwa Julius Caesar. Tafsiri ilichapishwa mwaka 1963, naye akiwa Rais. Hakuwa mtu asiye na kosa. Lakini mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Kati ya watawala wa zama zake, waliofanya hivyo walikuwa wachache.

Soma tena Mathayo 22:20, 21, kisha Mwanzo 1:27. Ikiwa sarafu ni ya Kaisari kwa sababu ina sura yake, ni nini kilicho cha Mungu?

Noti ya shilingi 1,000 yenye sura ya Mwalimu hupita mikononi mwa watu wengi Kariakoo kabla ya jua kutua. Mbeba mizigo wa Mtaa wa Kongo huipokea akiwa na gunia begani, jasho likimtiririka, huku wapita njia wakimpigia kelele awapishe. Yeye naye amechapwa sura, tena si ya rais wala ya Kaisari. Wanaomsukuma kwa kawaida huangalia noti tu.

Maswali ya kujadili:

Soma Mathayo 20:25–28. Kuna huduma gani kanisani ambayo mtu ameishikilia kama dikteta wa maisha? Angewezaje kusaidiwa kung'atuka bila kuaibishwa?

Soma Mhubiri 9:13–16. Ni nani hufagia kanisa lenu kila Ijumaa kabla ya jua kuzama? Je, darasa linalijua jina lake?