Rafiki Akirudi kwenye Unga, Nami Nimeacha



Ndugu wasomaji, tulikuwa watatu, sote watoto wa Buyenzi, Bujumbura. Unga, ule ambao mtaani kwetu unaitwa boost, tuliuacha pamoja katika Ramadhani ya 1444. Leo nimebaki peke yangu. Mmoja alirudi baada ya miezi saba. Habari za wa pili zilinifikia usiku, nikijiandaa na mtihani wa fiqhi. Niseme kweli: sikuanza kwa huruma. Nilianza kwa hasira, na chini ya hasira ile palikuwa na hamu. Viganja vilitoka jasho kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kiberiti na ile karatasi ya kung'aa.

Katika Sahihi Bukhari, Umar bin Khattab (R.A.) anasimulia habari za Abdullah, aliyepewa lakabu ya Himar, yaani punda. Alikuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), na alikuwa akinywa pombe. Alikwisha kupigwa kwa ajili hiyo, akaletwa tena, akapigwa. Mtu mmoja akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara kwa mara. Mtume (S.A.W.) akakataza asilaaniwe, akasema anajua kuwa mtu huyo anampenda Allah na Mtume Wake.

Hadithi hii niliipenda, ila niliitumia vibaya. Nikajiambia: simlaani rafiki yangu, basi niende chumbani kwake nikakae naye. Nilikaa dakika kumi hivi. Alipowasha kiberiti nilitoka mbio, viatu mkononi. Usiku ule sikulala.

Nikairudia hadithi, nikaona nilichokiruka. Himar *aliletwa*. Waliokatazwa kumlaani hawakuambiwa wakakae naye penye pombe, na adhabu yenyewe haikuondolewa. Tena kuna yule aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100. Mwanachuoni alimwambia mlango wa toba uko wazi, na papo hapo akamwambia aihame nchi yake kwa kuwa ni nchi mbaya. Sisi wahubiri wa chuo (nami nimo) tunapenda kusimulia huo mlango, suala la kuhama tunalipitia haraka.

Basi siku hizi nakutana na rafiki yangu kibarazani mwa msikiti baada ya Alasiri, kukiwa na mwenzetu wa tatu. Simpi pesa, namnunulia chakula. Chumbani kwake siingii, naye nimemwambia sababu: sijiamini. Alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu.

Kaka yake nilimweleza jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyeacha kwa miezi, mwili wake hauhimili tena kiasi cha zamani. Akirudi na kipimo kilekile, pumzi inaweza kukatika. Ukimkuta haamki, anakoroma isivyo kawaida, midomo imekuwa ya bluu, usimmwagie maji wala usimwache alale. Mlaze ubavu, angalia kama anapumua, mkimbizeni hospitali. Na aibu ya familia isiwacheleweshe hata dakika moja.

Ijumaa iliyopita hakuja kibarazani. Nilimsubiri mpaka jua likaegemea, nikamwachia mama yake sahani ya wali, nikarudi bwenini kabla ya Magharibi.