Saa Kumi na Moja Sokoni

Masomo: Mathayo 20:1–16, Ruthu 2, Matendo 11:19–26



Mwezi huu tunawaomba mfungue Injili ya Mathayo, sura ya 20, penye mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu. Mfano huu tumehubiriwa mara nyingi, na kwa kawaida mahubiri hukimbilia mwisho wake, kwenye ile dinari moja waliyolipwa wote na manung'uniko ya walioanza asubuhi. Hapo ndipo penye neema ya Mungu, wala hatulipunguzi neno hilo. Lakini leo hatutafika kwenye malipo. Tutabaki sokoni pamoja na wale ambao walikuwa hawajaitwa, kwa sababu katika parishi zetu za Mwanza na mwambao wote wa ziwa watu wa namna hiyo ni wengi.

Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati hapa, maana tunahesabu saa kama walivyohesabu watu wa Biblia, tangu kuchomoza kwa jua. Hatuhitaji mwalimu wa kutueleza saa kumi na moja ni saa gani. Ni wakati jua linapoelekea kuzama ziwani, wauza dagaa pale Mwaloni wanafunga magunia yao, na mtu aliyekosa kibarua tangu asubuhi anajua kwamba leo anarudi nyumbani mikono mitupu.

Saa hiyo mwenye shamba aliwakuta watu wamesimama. Akawauliza kwa nini wamekaa mchana kutwa bila kazi, nao wakajibu kwamba hapakutokea mtu wa kuwaajiri. Tuangalie mambo mawili. Kwanza, mwenye shamba hakubishana na jibu lao. Hakuwaita wavivu, wala hakuwadai maelezo ya mahali walipokuwa asubuhi. Pili, na hili ndilo tunalotaka kulishika leo, aliwakuta kwa sababu walikuwapo. Kama wangekata tamaa saa nane wakaenda zao kulala, mwenye shamba angepita sokoni, asione mtu, akarudi shambani kwake na nafasi zake.

Jibu lao lina ukweli

Wazee wenzetu, tuseme kweli. Tukimwona kijana mwenye cheti amekaa nyumbani mwaka wa tatu, mioyo yetu husema upesi kwamba hataki kazi. Lugha hiyo tuliizoea. Wengi tunaikumbuka Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wakati mtu asiye na kazi mjini alipohesabiwa kuwa mzururaji na kuweza kukamatwa njiani arudishwe kijijini. Operesheni zile zimepita, lakini neno lile limebaki midomoni mwetu.

Tena sisi wa rika hili tulikulia katika nyakati nyingine. Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana hapo jirani, Musoma, kikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 elimu ya msingi iwe ya watoto wote. Walimu hawakutosha, hata ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wachukuliwe na kufundishwa ualimu huku wakifundisha. Serikali ilikuwa ikiwatafuta walimu. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu baada ya hapo tulifanya mtihani, tukasubiri barua ya kupangiwa kituo, na barua ikaja. Hakuna aliyetufundisha kutafuta kazi, kwa kuwa hatukuitafuta.

Sasa tazameni hesabu ya leo. Utaratibu wa kumpangia mwalimu kituo moja kwa moja ulikoma baada ya mwaka 2015. Mwalimu anaomba, anaitwa kwenye usaili, anashindana. Katika usaili wa walimu ulioanza Januari 2025, waombaji walikuwa 201,707 na nafasi zilikuwa 14,648. Gawanyeni wenyewe: karibu watu 14 kwa kila nafasi moja. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027, yaani karibu 85 kwa nafasi moja. Hata wote 14 wangekuwa na bidii kama mchwa, 13 wangerudi nyumbani. Mwenye kuwaita wavivu hajui kugawanya.

Aibu humwondoa mtu sokoni

Hatari kubwa ya kutafuta kazi muda mrefu huanza kabla ya njaa. Mtu huanza kujificha. Tunamfahamu kijana mmoja, jina lake tunaliacha, mwalimu wa hisabati aliyeimba kwaya tangu utoto wake. Alipomaliza chuo tulimpongeza mbele ya kanisa. Mwaka wa kwanza wazee walimwuliza mlangoni, "Vipi mwanangu, umepata?" Mwaka wa pili swali likafupika likawa, "Bado tu?" Mwaka wa tatu akaanza kusali mbali, kwenye kanisa ambalo hakuna aliyemjua, na baadaye hata huko hakuonekana. Wakati huohuo mkuu mmoja wa shule binafsi, Mkristo wa parishi yetu, alikuwa akitafuta mtu wa kufundisha hisabati kwa muhula mmoja. Aliuliza wazee baada ya ibada. Hakuna aliyelitaja jina la yule kijana. Hatukuwa na chuki naye; hatukuwa tumemwona kwa muda mrefu, na mtu asiyeonekana hukumbukwa kwa shida.

Kwa hiyo, vijana wetu, shikeni nafasi zenu. Kwaya, Shule ya Jumapili, mikutano ya TAYO, mazishi, harusi, usafi wa kanisa: msijiondoe mpaka mpate kazi kwanza. Anayekuuliza "Bado tu?" mjibu bila kuinamisha kichwa, kama wale wa sokoni walivyojibu: bado, sijapata wa kuniajiri, mimi ni mwalimu wa hisabati, ukisikia mahali niambie. Jibu hilo moja lina habari zote anazohitaji mtu wa kukusaidia. Ukisema "Mungu ni mwema" peke yake utakuwa umesema kweli, lakini mwenzako ataondoka bila kujua unaweza kufanya nini.

Mbalamwezi na nyavu

Wavuvi wa dagaa wana somo hapa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifai kitu, na mitumbwi huvutwa mchangani kwa siku kadhaa. Hakuna mvuvi awezaye kuamuru mwezi uzame. Lakini pita mwaloni siku hizo uone: huyu anashona wavu, yule anaziba mtumbwi, mwingine anatengeneza taa. Yupo pia anayezimaliza siku zote kilabuni, na giza linaporudi wavu wake una matundu yaleyale. Kwa siku za mbalamwezi huwezi kuwatofautisha kwa samaki, kwa kuwa wote hawana. Utawatofautisha kwa nyavu.

Je, nyavu za mtafuta kazi ni zipi? Tuanze na karatasi, kwa sababu wengi huangukia hapo. Majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha Taifa yalingane. Kama shuleni uliandikwa kwa jina moja na NIDA kwa jingine, lirekebishe kisheria sasa, usingoje siku ya usaili. Wawe tayari wadhamini watatu wanaokujua kweli, na uwape habari kabla ya kuwaandika. Kuomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi. Mtu akikupigia simu akitaka "ada ya fomu" au "chai ya bosi", huyo ni mwizi, hata kama anajua jina lako na la mama yako. Wala usiguse cheti cha kughushi: Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya namna hiyo, wakaondolewa kazini, na baadhi yao walikuwa wametumika miaka mingi.

Baada ya karatasi kuna ujuzi. Mwalimu aliyemaliza mwaka 2018 alifundishwa mtaala wa zamani. Mtaala mpya umeanza kutumika Januari 2024, na mihtasari yake inapatikana Taasisi ya Elimu Tanzania. Aisome. Achukue mada moja kila juma, aandike azimio la kazi na andalio la somo kana kwamba Jumatatu ana darasa. Sisi tuliokagua maandalio ya wanachuo miaka mingi tunamtambua kwa dakika tano mtu ambaye mkono wake umelala. Tena juma liwe na siku yake maalumu ya maombi ya kazi (tunasema barua, maombi ya kufunga yana siku zake), na daftari la kuandika umeomba wapi, lini, na wamejibu nini. Moyo huchoka upesi zaidi pale ambapo siku zote zinafanana.

Na soko lenyewe huhama. Miaka mingi magari yalisimama Kigongo na Busisi kungoja kivuko, na watu walijipatia riziki kwa kuwauzia abiria samaki, mahindi na maji. Tarehe 19 Juni 2025 daraja lilifunguliwa, na sasa magari yanapita juu ya ziwa bila kusimama. Anayeendelea kungoja wateja palepale kivukoni kwa sababu ndipo alipozoea, ana subira, lakini subira yake iko mahali pasipo na mnunuzi. Vivyo hivyo aliyesomea ualimu asiutazame mlango wa Serikali peke yake. Aliyekaribia miaka 45 afanye haraka, maana matangazo ya kazi serikalini huweka mpaka hapo kwa waombaji wapya. Shule binafsi, miradi na kazi za kujitegemea hazifungwi na mpaka huo.

Msimamizi aliyemjua Ruthu

Katika Ruthu sura ya 2 tunasoma habari za mgeni, mjane, asiye na ndugu wa kumsemea. Alikwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Boazi alipofika shambani aliuliza habari zake, na msimamizi akawa na jibu: alijua ametoka wapi, na alijua kwamba amekuwa kazini tangu asubuhi. Ruthu hakujitangaza. Alifanya kazi mahali ambapo mtu mwenye kauli aliweza kumwona.

Ndiyo sababu tunawashauri vijana wajitolee kwa kipimo: kufundisha muhula mmoja kwenye shule yenye upungufu, kuweka hesabu za kikundi, kuandika barua za ofisi ya parishi. Lakini mpatane tangu mwanzo. Ni kwa muda gani? Nauli inatoka wapi? Mwishoni kutakuwa na barua ya kukutambulisha? Hapa tunasema kwa uchungu kidogo. Zipo shule zinazomshika mwalimu wa kujitolea miaka mitatu, anafundisha vipindi vyote kama mwajiriwa, na hata sabuni hapewi. Boazi aliwaagiza watu wake wamdondoshee Ruthu masuke kwa makusudi. Mwenye shule asiyefanya hata hilo na asome Yakobo 5:4 kabla ya kushiriki Meza ya Bwana.

Barnaba alikwenda Tarso

Mpaka hapa tumesema na wanaotafuta. Lakini si kila mtu ana nguvu za kusimama sokoni mpaka saa kumi na moja, na wengine wamekwisha kuondoka. Sauli naye, baada ya kutoka Yerusalemu, alikaa Tarso kwao, na Matendo hayatupi habari zake za miaka hiyo. Kazi ilipokuwa nyingi Antiokia, Barnaba hakungoja aje mwenyewe. Alifunga safari kwenda kumtafuta, na alipompata akamleta. Huyu ndiye Barnaba aliyekuwa amemdhamini mbele ya mitume zamani, wakati wote walipomwogopa.

Kazi hiyo ni ya parishi. Mzee wa kanisa mmoja katika kila mtaa anaweza kuweka daftari la wanaotafuta kazi na ujuzi wao, na mwenye nafasi, hata ya juma moja, akaliulizia. Wenye nyadhifa wakubali kuandikwa wadhamini, na simu ikipigwa waipokee. Na pale mlangoni tubadili swali. Badala ya "Bado tu?" tuulize, "Juma hili umepeleka barua wapi, na kuna ya kukusaidia?" Pengine ni nauli ya kwenda kwenye usaili Dodoma, au shati lililopigwa pasi.

Maswali kwa vikundi. Je, kwa nini mwenye shamba alirudi sokoni mara tano, badala ya kuajiri watu wote asubuhi? Sisi wenye maduka, mashamba, mitumbwi na shule, mara ya mwisho tulimtafuta mfanya kazi miongoni mwa Wakristo wenzetu ilikuwa lini, na kama tuliwaruka, ni kwa sababu gani? Na katika mtaa wenu, nani hajaonekana ibadani tangu amalize chuo? Mwandikeni jina lake, kisha mkubaliane ni nani atakayekwenda kwake kabla ya Jumapili.